Mkimbizi wa Bunagana aandikishe mipaka ya shamba kabla ya kurudi

Bunagana iliingia mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022. Wengine walivuka mpaka hadi Nyakabande, upande wa Kisoro nchini Uganda. Wengine walishuka Rutshuru hadi Goma. Februari 2025 kambi za Bulengo na Lushagala zilivunjwa, na familia nyingi zikafunga mizigo tena. Anayerudi hutarajia kukuta shamba kama alivyoliacha. Ugomvi unaanzia hapo: mpaka ulipita wapi?

Wengi hudhani kwamba mzee akilikanyaga shamba lenyewe atakumbuka sawasawa. Mahali hukumbusha, ni kweli. Lakini mwaka 2008 Almut Hupbach, Lynn Nadel na wenzao wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walionyesha upande wa pili. Watu walijifunza vitu fulani ndani ya chumba, na siku mbili baadaye wakajifunza vitu vingine. Waliojifunza vipya katika chumba kilekile walikuja kuvichanganya na vile vya kwanza. Waliohamishiwa chumba kingine hawakuvichanganya.

Chumba si shamba, na vitu hivyo si miaka ya vita. Hata hivyo familia za Jomba zinajua hali hii. Aliye Goma akiambiwa kwa simu kwamba mti wa mpaka umekatwa, moyoni bado anauona umesimama. Akifika akakuta maharagwe ya mtu mwingine na njia mpya katikati, hayo mapya yanaweza kuingia ndani ya yale ya zamani. Baada ya misimu miwili ataapa kwamba njia ilikuwepo tangu enzi za babu, wala hadanganyi.

Kwa hiyo kungoja mzee afike ndipo aulizwe ni kuchelewa. Aulizwe sasa, huku huku Goma: jirani wa juu ni nani, wa chini ni nani, jiwe liko wapi, ni hatua ngapi hadi mfereji. Mjukuu aandike kwenye daftari na kuweka tarehe. Jirani wa zamani aliye huku aandike yake peke yake, bila kusikia ya mwenzake. Wakitofautiana, afadhali iwe wakati bado wanapanga foleni ya maji kwenye bomba moja, kuliko shambani wakiwa na mapanga.

Daftari hilo si hati ya ardhi, na shefu wa kijiji anaweza kulikataa. Lakini litakuwa limeandikwa kabla mzee hajaona shamba lilivyo leo.