UFUNDI WA NYUMBANI: Kusikiliza Popo wa Darini kwa Vipuri vya Bei Nafuu

Jua lichwapo, katika nyumba nyingi za Uganda na za nchi zinazoizunguka, hasa zile zilizoezekwa kwa mabati na kutiwa dari ya mbao, husikika mikwaruzo na milio midogo juu ya vichwa vya wenye nyumba. Hao ni popo wadogo wala wadudu, ambao joto la mabati haliwaudhi. Nyumba za askari na polisi, zilizojengwa kwa safu na kwa mtindo mmoja, huwafaa sana wanyama hawa, kwa maana wakikosa nafasi katika paa moja huhamia paa la jirani.

Wenye nyumba wasio na subira huwasha moshi, humwaga sumu darini, au huziba matundu mchana wakati popo wote wangali ndani. Matokeo yake hujulikana baada ya siku chache. Popo hufia juu ya dari na harufu huijaza nyumba. Na wale walio hai, wakitafuta njia ya kutokea, hupenya nyufa na kushuka vyumbani, mahali walalapo watoto. Mtoto humwona popo aliyedhoofika sakafuni akadhani ni kitu cha kuchezea. Hapo ndipo hatari ya kweli ianzapo, kwani popo mgonjwa aumapo aweza kuambukiza kichaa.

Njia iliyo bora ni kujua popo watokea tundu gani, saa ngapi, na kama wote wamekwisha toka kabla ya kuziba. Macho peke yake hayatoshi gizani. Kifaa kiwezacho kusaidia ni kisikizi cha popo, nacho chaweza kuundwa nyumbani na mtu yeyote ajuaye kulehemu waya, kwa vipuri vichache vya bei ndogo, mradi avinunue kwa akili.

Sauti isiyosikika

Sikio la binadamu, hata la kijana mwenye afya, halisikii sauti ipitayo masafa ya kilohezi 20. Popo wala wadudu hupiga kelele juu ya kiwango hicho, kisha husikiliza mwangwi urudio kutoka kwa mdudu au ukutani. Mtaliano Lazzaro Spallanzani aligundua miaka ya 1790 kwamba popo aliyepofushwa huruka bila kujigonga, na kwamba akizibwa masikio hupotea njia. Lakini sababu ilibaki fumbo. Mwaka 1938, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mwanafunzi Donald Griffin alimpelekea Profesa G. W. Pierce popo wake, na chombo cha profesa huyo kikawa cha kwanza kuidhihirisha sauti yao. Chombo hicho kilikuwa kikubwa na cha gharama. Leo kazi kama hiyo yafanywa na vipuri vinavyoenea katika kiganja cha mkono.

Ifahamike kwamba si kila popo husikika. Popo wakubwa wa matunda, kama wale waliolipa jina bonde la Bat Valley mjini Kampala, hawatumii mwangwi; wao huongozwa na macho na pua. Kwa hiyo mtu akielekeza kifaa kwenye mti uliojaa popo hao asipate mlio, asikilaumu kifaa. Popo wa darini wenye mkia uliochomoza nje ya utando hulia kwenye masafa ya kilohezi 25 hivi. Wengine wadogo warukao kuzunguka taa za barabarani hulia kati ya kilohezi 40 na 50. Tofauti hii ndiyo inayoamua nini kinunuliwe.

Rahisi huvunja upishi

Kipuri cha kwanza ni sikio la kifaa, nacho ndicho kiwakosesho wengi. Madukani hupatikana kwa bei ndogo ubao wa kupimia umbali, uitwao HC-SR04, wenye vikopo viwili vya mviringo mfano wa macho. Kimoja hutoa sauti na kingine huipokea. Wapo wanaonunua ubao huu, wakang'oa kikopo cha kupokea na kukitumia. Kikopo hicho ni chepesi kusikia, lakini kimetengenezwa kwa kilohezi 40 tu, na nje ya hapo kidogo huwa kama kiziwi. Kitawasikia popo wa kwenye taa za barabarani, bali wale wa darini wenye kilohezi 25 watapita bila taarifa. Mwenye nyumba atasikia kimya, ataamini kwamba popo wote wamekwisha toka, naye ataziba tundu wangali ndani.

Kwa kazi ya darini yafaa zaidi kapsuli ndogo ya maikrofoni ya elektreti, ile ile itumikayo katika vinasa sauti na simu za mezani. Ingawa huuzwa kwa ajili ya sauti ya binadamu, kapsuli nyingi za aina hii husikia kupita kilohezi 20, ila kwa nguvu ipunguayo kadiri masafa yapandavyo. Bei yake ni ndogo mno, hivyo ni busara kununua tatu au nne, kuzijaribu moja baada ya moja, na kuibakiza iliyo nyepesi kuliko zote. Mwenye uwezo zaidi aweza kuagiza maikrofoni ndogo za kisasa za silikoni zisikiazo hadi kilohezi 80, lakini hizo ni ndogo kiasi cha kumshinda fundi anayeanza.

Vitu vya kununua

1. Kapsuli za maikrofoni ya elektreti, tatu.
2. Chipu za kukuza sauti aina ya LM386, mbili, na ya tatu ya akiba.
3. Chipu ya kugawanya masafa aina ya CD4040, moja na ya akiba.
4. Soketi za chipu: mbili za miguu 8 na moja ya miguu 16.
5. Resista ya kiloomu 10, na kitufe cha kuzungusha cha kiloomu 10.
6. Kapasita: nanofaradi 1, nanofaradi 10, nanofaradi 100, maikrofaradi 10 na maikrofaradi 100, moja moja.
7. Spika ya sikioni ya kristali, au kisahani cha mlio.
8. Ubao wa matundu, swichi, na kishikizo cha betri ya volti 9.

Kwa wauzaji wa ng'ambo, kila chipu katika hizo kwa kawaida hupatikana chini ya dola 1 ya Marekani. Dukani bei hupanda kwa sababu ya nauli na faida ya muuzaji. Wakazi wa mijini huvipata katika maduka ya vipuri vya redio. Wasafirio Nairobi huvipata mtaa wa Luthuli, na waendao Dar es Salaam hutafuta Kariakoo. Familia mbili au tatu za safu moja zikiagiza pamoja, nauli hugawanyika, na vipuri vya akiba huwa vya wote.

Baadhi ya vitu hivi havina haja ya kununuliwa. Redio mbovu ya nyumbani yaweza kutoa kitufe cha kuzungusha, swichi, kapasita na kishikizo cha betri. Mtoto apewe kazi ya kuving'oa taratibu na kuvipanga katika kopo. Ni somo jema. Lakini redio za kazi na akiba za karakana, hata zikiwa zimeharibika, ni mali ya umma, na kipuri chake kimoja hakihalalishwi na udogo wa bei yake.

Hila za sokoni

Mnunuzi asome namba iliyo mgongoni mwa chipu yote, asiridhike na tarakimu za mwisho. Chipu ya CD4040 huvumilia volti 9 bila shida. Ndugu yake aitwaye 74HC4040 hufanya kazi ile ile na ana miguu ile ile, lakini hakuundwa kwa zaidi ya volti 6. Akiunganishwa na betri ya volti 9 huungua. Muuzaji asiyejua, au ajuaye na kutaka kumaliza bidhaa, husema ni kitu kimoja.

Vile vile, kisahani cha mlio ni cha aina mbili. Ipo aina inayolia yenyewe mara tu iunganishwapo na betri; hiyo haifai. Itakiwayo ni ile iliyo kimya, itoayo tu mlio mdogo wa kukwaruza betri inapoguswa na kuachwa. Nazo spika za sikioni za simu za mkononi zisitumike hapa, kwa maana huvuta umeme mwingi kuliko chipu ya kugawanya iwezavyo kutoa.

Chipu ambayo maandishi yake hufutika kwa kusuguliwa na kidole chenye mafuta ya taa yafaa kutiliwa shaka. Soketi zilizotajwa katika orodha zina faida hapo: chipu hupachikwa bila kulehemiwa, na ikionekana mbovu hutolewa na kurudishwa dukani ikiwa safi. Soketi moja ya bei ndogo huokoa jioni nzima ya kazi.

Kuunganisha

Kapsuli hupewa umeme kupitia resista ya kiloomu 10. Sauti yake hupitia kapasita ya nanofaradi 1 hadi mguu wa 3 wa LM386 ya kwanza. Kapasita hiyo ndogo hupunguza mazungumzo ya watu na kupisha sauti za juu. Kati ya mguu wa 1 na wa 8 wa chipu hiyo huwekwa kapasita ya maikrofaradi 10, upande wa chanya ukiwa mguu wa 1, nayo hukuza mara 200. Sauti hutoka mguu wa 5, hupita kapasita ya nanofaradi 10 na kitufe cha kuzungusha, ikaingia mguu wa 3 wa LM386 ya pili, ambayo miguu yake ya 1 na 8 huachwa wazi ili ikuze mara 20 tu. Katika zote mbili, mguu wa 6 huenda kwenye chanya ya betri, na miguu ya 2 na 4 kwenye hasi.

Mguu wa 5 wa chipu ya pili huunganishwa na mguu wa 10 wa CD4040. Katika hiyo, mguu wa 16 huenda kwenye chanya, na wa 8 na wa 11 kwenye hasi. Spika ya sikioni huunganishwa kati ya mguu wa 5 na hasi, mahali ambapo masafa yamegawanywa kwa 16. Sauti ya popo ya kilohezi 25 hutokea hapo kama mlio wa hezi 1,560 hivi, ambao kila sikio hulisikia. Kapasita za nanofaradi 100 na maikrofaradi 100 huwekwa kati ya chanya na hasi, karibu na chipu, ili kutuliza umeme.

Jaribio ni jepesi. Bonda la funguo likitikiswa, au vidole viwili vikavu vikisuguliwa mbele ya kapsuli, kifaa hulia, kwa kuwa vitendo hivyo hutoa pia sauti za juu. Kikilia bila kukoma, kitufe kirudishwe nyuma kidogo, na waya za kuingizia zitenganishwe na za kutokea. Baadhi ya taa za umeme na chaja za simu huleta kelele ya namna hiyo. Hizo zizimwe kwanza.

Matumizi

Magharibi mwenye nyumba na asimame nje, chini ya ukingo wa paa, akizunguka polepole. Palipo na milio mingi ndipo penye mlango wa popo, na panaposhukiwa pahakikishwe kwa macho. Kazi hiyo irudiwe jioni tatu au nne, saa zikiandikwa. Katika kambi, mkuu wa mahali aarifiwe mapema, kwa maana mtu azungukaye nyumba gizani na kisanduku chenye waya huwapa walinzi sababu halali ya kumsimamisha.

Tundu likishajulikana, huning'inizwa wavu laini juu yake, uliofungwa juu na pembeni na kuachwa wazi chini, ili popo watoke wasiweze kurudi. Baada ya jioni kadhaa, kisikizi kikiwa kimya na hakuna aonekanaye akitoka, ndipo tundu huzibwa. Kazi hii isifanywe wakati wa majira ya kuzaa, maana watoto wasiojua kuruka watafia ndani. Vinyesi vilivyo darini vilowanishwe kwa maji kabla ya kuzolewa, na mzoaji afunike pua na mdomo, kwani vumbi lake laweza kuwa na kuvu lidhurulo mapafu.

Kisikizi ni cha kusikilizia kwa mbali. Hakimpi mtu ruhusa ya kushika popo wala kuingia mapangoni. Mwaka 2007 wachimba madini wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, walipata ugonjwa wa Marburg. Na mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa huo huo baada ya kuingia pango lenye popo katika msitu wa Maramagambo. Aumwaye au akwaruzwaye na popo aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata kinga ya kichaa, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano.

Popo wakishaondolewa darini, kisikizi kisitupwe. Watoto waendelee kukitumia uwanjani, wakihesabu popo wapitao kwenye taa na kuandika saa zao. Kila mlio wasikiao ni mnyama anayewinda mbu na nondo, na huko nje hana ugomvi na mtu.