Maafa, Ghasia na Jeshi

Maji yalipowasomba watu wa Mai Mahiu mwezi Aprili 2024, sikumsikia mtu akilalamika kwamba wanajeshi wameitwa kusaidia. Serikali ikizidiwa, haina budi kuwaomba wenye helikopta, mashua na nidhamu.

Lakini ombi hilo lina sheria yake. Kifungu cha 241 cha Katiba ya mwaka 2010, aya ya (b), kinalitaka jeshi lishirikiane na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na Bunge la Taifa lipewe ripoti. Aya ya (c) inahusu ghasia, na hapo sharti ni zito zaidi: pasipo idhini ya Bunge, jeshi halitoki.

Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Waziri wa Ulinzi aliliita jeshi kwa aya ya (b). Bunge liliidhinisha kesho yake. Sikatai kwamba siku ile Bunge lenyewe lilivamiwa. Hata hivyo nauliza: tangu lini maandamano yakawa mafuriko?

Walimu wenzangu, wasomeeni wanafunzi aya zote mbili, kisha waacheni wabishane.