Karai la bibi

Ramadhani inapokaribia wengi wetu hapa Pemba hufungua banda la uani kutafuta vyombo vikubwa. Mwaka huu nilifungua la marehemu bibi kule Wete. Nikatoa chuma cha vitumbua chenye vishimo saba, na karai la chuma lenye mikono miwili ya kupigwa ribiti. Vyote vilikuwa vyekundu kwa kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshasimama mlangoni na mizani yake. Nikamwambia aende zake.

Nianze na cha vitumbua. Hicho ni chuma cha kusubu, kigumu lakini hakipindi. Kikipigwa nyundo, au kikimwagiwa maji baridi kingali na moto, hupasuka. Kabla ya kujisumbua nacho kigonge kwa mwiko. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikitoa sauti ya kufa, tafuta ufa. Kutu niliitoa kwa siki na maji, nusu kwa nusu, nikakiloweka nusu saa tu, kwani kikilala humo siki hula na chuma chenyewe. Kisha kumbi la nazi na majivu, suuza, na papo hapo jikoni kikauke. Ukikiacha kikauke kwa upepo, kutu itarudi kabla hujamaliza kukunja kanga.

Kwenye mafuta nitagombana na mama zangu. Mafuta ya nazi ni matamu kwa kupikia, lakini hayagandi juu ya chuma yakawa ngozi ngumu. Ya alizeti hufanya hivyo. Paka kidogo, kisha futa kama mtu anayetaka kuyaondoa yote, kifudikize juu ya makaa nje ya nyumba mpaka kiache kutoa moshi. Rudia mara tatu au nne. Ukipaka mengi yatanata kama asali. Na baada ya hapo usikitie ukwaju wala ndimu, vitakula ngozi hiyo.

Karai nalo ni la bamba lililofuliwa, linavumilia nyundo. Mkono mmoja ulikuwa unacheza, na chini yake kutu na mafuta ya miaka. Fundi alikata vichwa vya ribiti za zamani, akatia mpya zilizopashwa moto zikawa nyekundu, akazigonga upesi. Ribiti ikipoa hujikunyata, na hapo ndipo inapoukaza mkono. Nilirudi nyumbani na karai linang'aa, nikakanda unga wa kaimati za wajukuu.

Unga ulikuwa umeshaumuka kaka yangu alipoingia, karudi dago.

"Dada, hilo unalifanyia nini?"

"Nakaangia kaimati."

"Hilo ndilo nililoyeyushia risasi za chubwi."

"Lini?"

"Misimu miwili hivi. Nilidhani limeshakuwa chakavu, nikalirudisha bandani."

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za selsiasi, moto ambao jiko la makaa zuri huufikia bila shida, ndiyo maana wavuvi hutumia karai lolote lililo karibu. Hubaki kwenye vijishimo vya chuma, mizizini mwa kutu na chini ya ribiti, na hakuna sabuni, siki wala moto wa nyumbani utakaokuhakikishia kwamba imetoka. Haina harufu wala ladha ya kukuonya. Huharibu ubongo wa mtoto polepole, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Nami nilikuwa nimeshalisugua kutu yake kwa mikono mitupu, vumbi likiniingia puani, na mjukuu wa miaka mitatu kanikalia ubavuni.

Kwa hiyo, mama, ukitoa chombo bandani, kabla ya siki uliza. Waulize wavuvi wa nyumba, na waliowahi kutengeneza betri uani.

Sikulirudisha bandani, mtu mwingine angelikuta akalisafisha kama mimi. Nilimpelekea fundi yule yule akalitoboa matundu matatu chini. Alicheka sana: juzi nimemlipa alitengeneze, leo namlipa aliharibu. Mjukuu tulimpeleka hospitali akaangaliwe. Kaimati tulikaanga kwa sufuria la jirani.