Ruaha Mkuu: Tabianchi Isiwe Kichaka cha Kujifichia

Siku hizi umeme ukikatika au bomba likikauka, jibu la serikali ni moja tu: mabadiliko ya tabianchi. Waziri akisimama bungeni, tabianchi. Mkuu wa mkoa akiita waandishi wa habari, tabianchi. Limekuwa neno la kufunga mjadala. Sisi vijana wa upinzani hatukatai kwamba hali ya hewa imebadilika. Tunachokataa ni watu kulichukua jambo la kweli na kulifanya kisingizio.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Joto likipanda, maji mengi zaidi yanapotea kwa mvuke kwenye mito, mabwawa na mashamba. Mvua nazo hazieleweki tena. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulishuka mpaka Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Hata miaka miwili haikuisha, zikaja mvua za El Niño, na Aprili 2024 ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti wakazama kwenye mafuriko. Hilo nani anabisha?

Lakini twende kwenye mto mmoja tuone hii hadithi ya tabianchi inafika wapi. Mto Ruaha Mkuu.

Mto huu unaanzia nyanda za juu kusini na kushuka kwenye bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Huko unaungana na mito kama Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, na maji yote yanakusanyika kwenye ardhi oevu ya Ihefu. Ihefu ni kama beseni. Maji yanatokea pale Ng'iriama, penye mwamba. Yakifika juu ya mwamba ndo yanamwagika kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, halafu Mtera, halafu Kidatu, mwisho Rufiji. Yakishuka chini ya mwamba, mto unakatika hata kama beseni bado lina maji.

Zamani Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka masika na kiangazi. Ulikatika ndani ya hifadhi mwaka 1993, na tangu hapo kukauka kiangazi imekuwa desturi. Viboko wanabanana kwenye vidimbwi vya tope, na tembo wanachimba mchanga kutafuta maji.

Sasa nini kilitokea? Ukisoma tafiti zilizofanyika Usangu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, jibu linajirudia: maji ya kiangazi yanachepushwa juu, kabla hayajafika Ihefu. Yalijengwa mashamba makubwa ya mpunga ya serikali, Mbarali na baadaye Kapunga, na mifereji ya wakulima ikaongezeka mwaka hadi mwaka. Masika maji yanatosha wote. Shida ni kiangazi, mto ukiwa mwembamba na mpunga ushavunwa, lakini milango ya mifereji inaachwa wazi. Ukame unakuja kukuta mto tayari umeshanyonywa. Tabianchi inazidisha tatizo, ndiyo, lakini tabianchi haikuchimba mfereji na wala haikuacha lango wazi.

Na serikali inajua. Machi 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alisimama London akaahidi mbele ya dunia kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima. Ilipofika 2010 mto ulikuwa bado unakauka. Nani aliwajibika? Hakuna. Nani aliulizwa bungeni mpaka akatoa jasho? Hakuna.

Badala ya kuulizana, tukaanza kutafuta mchawi. Mchawi akapatikana: mfugaji. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu na mifugo yao, na 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Oktoba 2022 serikali ikatangaza kwamba vijiji vitano na vitongoji kadhaa vya Mbarali navyo viondoke. Mwaka huohuo mto ukakauka tena. Tutaambiwa wafugaji walirudi. Sawa, tuchukue kwamba wapo waliorudi, na kwamba ng'ombe wengi kwenye ardhi oevu wanaiharibu. Bado swali liko palepale: kama maji yanakatwa juu ya Ihefu, kumfukuza mtu aliye ndani ya Ihefu kutaujaza mto kwa njia gani?

Kumbukeni pia mradi wa REGROW. Benki ya Dunia iliuidhinisha 2017 kwa dola milioni 150, kuendeleza utalii kusini na kusimamia maji ya Ruaha huku juu. Wananchi wakalalamika kuhusu kuhamishwa na kunyanyaswa na askari wa hifadhi. Aprili 2024 benki ikasitisha fedha, na kabla mwaka haujaisha mradi ukafutwa. Yaani pesa ya kutengeneza maji ilikuwepo, tukaipoteza kwa sababu ya namna tunavyowatendea watu wetu. Hii nayo tuseme ni tabianchi?

Mtera ni hivyohivyo. Bwawa hili linalisha mtambo wa megawati 80, na maji yakishuka yanazungusha mitambo ya Kidatu ya megawati 204. Kila mgao wa umeme tangu miaka ya 1990 tumeoneshwa picha za Mtera lenye nyufa. Watafiti waliofuatilia Mtera na Kidatu walisema wazi kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa jinsi mabwawa yalivyoendeshwa, yaani maji kufunguliwa bila mpango. Hilo kwenye taarifa ya habari hulisikii.

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo niruhusuni nishike vifungu kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais anayashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini si mwenye mali. Mdhamini anatoa hesabu. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 imepanga foleni: kwanza mahitaji ya msingi ya binadamu, pili mazingira, yaani mto wenyewe ubaki na maji ya kuishi, halafu ndo matumizi mengine ya kiuchumi. Mwenye shamba kubwa anachukua maji kwa kibali, na kibali kina kiasi. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, pale Iringa, ndiyo inayotoa na kusimamia vibali hivyo. Sasa mto unapokauka kabisa hifadhini, maana yake wa pili kwenye foleni hajapata hata tone, na wa tatu kanywa ameshiba. Huo ni uvunjaji wa foleni iliyowekwa na serikali yenyewe, na mbingu haihusiki.

Katiba nayo ipo. Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi, na Ibara ya 24 inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia stahiki. Kwenye kesi ya Kessy na wenzake, wakazi wa Tabata waliolishitaki Jiji la Dar es Salaam kuhusu jalala mwaka 1988, Jaji Lugakingira aliegemea Ibara ya 14 na kukataa watu wahatarishwe na mamlaka ya umma. Baadaye ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na haki ya kwenda mahakamani kuyatetea. Silaha tunazo. Tumeziacha kabatini.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Moja, orodha ya vibali vyote vya maji Usangu iwekwe hadharani: nani anachukua, kiasi gani, miezi ipi.

Pili, mashamba yote makubwa yafungwe vipimo vya maji, na malango yafungwe kiangazi mara mavuno yakiisha. Mkubwa aanze, mdogo afuate.

Tatu, hakuna mwananchi wa Mbarali kuhamishwa bila kusikilizwa na bila fidia, na aliyeumizwa huko nyuma alipwe.

Nne, serikali itaje upya tarehe ya mto kutiririka mwaka mzima, na itaje jina la waziri atakayejiuzulu ikishindikana.

Na sisi wenyewe tusiishie kupiga kelele mitandaoni. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Kijana wa tawi la Rujewa, la Iringa, la Mtera: andika barua, omba orodha ya vibali, tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakijibu, tutajua nani anakunywa mto. Wakinyamaza, ukimya wao ni ushahidi, na tutaupeleka unakostahili kusikilizwa.

Hali ya hewa itazidi kuwa ngumu, na ndiyo maana usimamizi mbovu ni hatari kuliko zamani. Chakula kikiwa kingi, mgawaji mwizi haonekani. Kikipungua ndo kila mtu anamtazama mikono. Maji yamepungua, na sisi tunatazama mikono.