Mtoto wa Mbwa Anapochukua Nafasi ya Aliyekufa

Mbwa wa nyumbani anapokufa katika vijiji vya Bukoba au Muleba, wakubwa humfukia nyuma ya kibanja na kazi zikaendelea. Watoto ndio wanaobaki na msiba. Wao ndio waliogawana naye chakula, na mara nyingi ndio hao ambao siku chache baadaye hurudi na mtoto wa mbwa aliyeokotwa sokoni Kamachumu au kwenye mwalo wa samaki, mbavu zahesabika, tumbo limejaa minyoo. Huruma hiyo si ya kuchekwa. Lakini swali la kwanza apaswalo kuuliza mwenye nyumba halimhusu mgeni huyo. Lamhusu yule aliyefukiwa. Alikufa kwa ugonjwa gani?

Kama alitapika na kuharisha damu, yafaa kushuku ugonjwa wa parvo. Virusi vyake, vilivyotambuliwa kwa mbwa mwaka 1978, huweza kudumu udongoni kwa miezi mingi, hasa penye kivuli na unyevu. Na ni wapi penye kivuli na unyevu kuliko migombani Bukoba, ambako mvua hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka na ardhi hufunikwa kwa majani makavu? Sabuni ya kawaida haiviui. Dawa yenye klorini huvimaliza kwenye sakafu ya saruji, lakini shambani haifui dafu. Katika kaya ya namna hii ni afadhali mtoto wa mbwa akae kwanza kwa jirani hadi akamilishe chanjo zake, hata kama watoto watanuna.

Kama marehemu alibadilika tabia, akauma hovyo, akatokwa na udenda na kushindwa kumeza, jambo hilo si la mbwa tena. Kila aliyeumwa, au aliyelambwa penye jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishamtokea binadamu, tiba karibu haipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa ugonjwa huu uliua watu wapatao 1,500 kwa mwaka katika Tanzania, wengi wao watoto.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kuwa udogo ni usalama. Mtoto wa mbwa aliyeumwa na mbwa mgonjwa huweza kukaa na virusi wiki kadhaa akirukaruka kama kawaida. Meno yake ni kama sindano. Huacha alama ndogo ambayo mtoto huificha ili rafiki yake asifukuzwe. Mbwa mkubwa akiuma, kijiji kizima hujua. Mdogo akiuma, hakuna ajuaye.

Wataalamu nao wana sehemu yao ya lawama. Kwa miaka mingi wenye mbwa waliambiwa wasubiri miezi mitatu kabla ya chanjo ya kichaa. Ripoti ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inataka watoto wa mbwa wachanjwe pamoja na wakubwa wao. Sababu yake mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuikokotoa. Kijiji kina mbwa 100 na 70 wamechanjwa. Iwapo 30 katika kila 100 hufa kwa mwaka na nafasi zao kushikwa na wadogo wasiochanjwa, baada ya mwaka waliokingwa ni 49. Baada ya mwaka wa pili, 34 tu. Hapo ugonjwa unaweza kusambaa tena, ingawa hakuna mbwa aliyeongezeka kijijini.

Pia huruma husafiri. Mtoto wa mbwa aliyeokotwa bara hupakiwa mtumbwini kwenda Bumbire au Ikuza kama zawadi. Kisiwa cha Pemba kiliufuta ugonjwa huu mwaka 2014, nao ukarudi mwaka 2016 baada ya binadamu kuuvusha bahari. Bumbire na Ikuza viko karibu zaidi na nchi kavu kuliko Pemba.

Kampeni nyingi za chanjo hufanywa karibu na tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Lakini mbwa hufa na kuokotwa mwaka mzima, na anayeokotwa Oktoba hungoja karibu miezi kumi na miwili. Mara nyingi hoja inayotolewa ni kwamba kijijini hakuna jokofu. Hoja hiyo imepungua nguvu: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa aina moja ya chanjo ya mbwa ilibaki na uwezo wake hata baada ya kuhifadhiwa miezi sita katika nyuzi 25 za Selsiasi. Wastani wa joto la Bukoba ni kiasi cha nyuzi 21. Chupa chache katika chungu cha kupozea, mahali penye kivuli katika ofisi ya afisa mifugo wa kata, zingetosha kumpokea mtoto wa mbwa siku ile ile anapoletwa nyumbani.