Mtoto Hakui kwa Kukaa Kimya

Katika masomo yetu ya ngeli ya M-MI ulikutana na neno mchezo. Ulijifunza kwamba wingi wake ni michezo, na kwamba limetokana na kitenzi cheza. Huenda hukuzingatia jambo moja: Kiswahili hutumia neno hilo hilo kwa mtoto anayeburuta kopo uani na kwa mwanariadha anayevishwa medali ya dhahabu. Papo hapo, tunapotaka mtu asilidharau jambo, humwambia, “Usifanye mchezo.” Hoja yangu leo ni kwamba maana hii ya mwisho imetupotosha katika malezi. Tumeuona mchezo kuwa kitu cha kupuuzwa, na kwa hiyo tumefungua vituo vingi vya kulelea watoto ambamo watoto hawachezi.

Nakiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwa waliopotoka. Binti yangu alipotimiza miaka mitatu, mimi na baba yake tulimpeleka katika kituo kimoja cha malezi hapa mjini, kwa kuwa sote tulikuwa kazini. Nilikichagua kwa sababu tatu: kilikuwa karibu na kituo cha teksi, kilikuwa safi, na kilikuwa kimya. Ukimya ule niliuhesabu kuwa nidhamu.

Siku moja shule yetu ilifunga mapema kwa sababu ya mitihani, nikaenda kumchukua saa nane mchana. Nilikuta watoto zaidi ya ishirini wameketi juu ya mikeka, migongo ukutani, macho kwenye runinga. Nje, ua ulikuwa umefagiliwa vizuri, na magari mawili yalikuwa yameegeshwa mahali ambapo bembea ingefaa kuwekwa. Nilimwuliza mlezi watoto hucheza saa ngapi. Alinijibu kwa upole, “Mwalimu, hawa hawasumbui. Wanakaa tu.”

Alilitamka jibu hilo kama sifa, nami nilisimama pale nikitafuta la kusema. Jioni hiyo nilimtazama binti yangu akipanda ngazi za nyumba yetu. Alishika ukuta kwa mikono miwili na kupumzika kila baada ya ngazi tatu. Sidai kwamba kituo kile ndicho kilichomdhoofisha. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nikilipa ada ya kila mwezi bila kuwahi kuuliza mwili wake unafanya nini kutwa nzima.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Linapendekeza kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 aushughulishe mwili wake kwa angalau dakika 180 kila siku, zikigawanywa katika vipindi mbalimbali. Kwa mwenye miaka 3 au 4, angalau dakika 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho, kama vile kukimbia, kuruka na kupanda. Mtoto mchanga ambaye bado hatambai alazwe kifudifudi akiwa macho kwa angalau dakika 30 kwa siku. Wala mtoto asifungwe kitini au mgongoni kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Kuhusu runinga na simu, mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele yake kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Sasa chukua kalamu uandike. Mtoto wa mfanyakazi wa mjini hufikishwa kituoni saa moja asubuhi na huchukuliwa saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa 10. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13. Ukitoa saa hizo zote katika 24, zinazobaki ni 4 au chini ya hapo, na ndani yake mna safari ya teksi, kuoga, kula na kungoja mvua ipite. Huku kwetu kwenye ikweta, giza huingia mapema. Kwa hiyo, kama mtoto hatacheza kituoni, hatacheza popote. Jambo hili haliwezi kuachiwa “wazazi watalifanya nyumbani.”

Wewe unayesoma somo la uraia utauliza kama mtoto ana haki ya kudai uwanja. Anayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Uganda iliuridhia mwaka 1990. Sheria yetu ya Watoto inamtambulia mtoto haki ya burudani isiyoharibu maadili na ya kushiriki katika michezo. Katiba ya mwaka 1995 nayo, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka dola ikuze burudani na michezo kwa raia wa Uganda. Je, raia wa miaka mitatu si raia? Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai waliporudi na dhahabu za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, sote tulijivunia bendera. Hata hivyo, ni wachache wetu waliojiuliza siku hiyo kama watoto wa mtaa wao wana mahali pa kukimbilia.

Nimewahi kuieleza hoja hii katika kikao cha wazazi, na nilipingwa. Pingamizi zao si za kijinga, kwa hiyo nitazijibu kwa heshima.

Wa kwanza alisema, “Ninalipa ili mtoto wangu asome.” Mjini, sifa ya kituo hupimwa kwa madaftari: mtoto wa miaka mitatu anajua kuandika herufi ngapi? Lakini mkono unaoshika kalamu hutegemea bega, na bega hupata nguvu kwa kutambaa, kuning’inia na kurusha mpira. Lugha nayo hujengwa humo. Mtoto anayeambiwa ruka, inama, simama, zunguka, na akatenda, amejifunza vitenzi vinne vya amri bila ubao wala chaki. Nyinyi wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza mlivisoma vitenzi hivyo kwa kukariri, mwajua ilivyowachosha.

Wa pili alihofia majeraha. Hofu yake ni ya haki. Goti litachubuka, na nguo itachafuka. Ndiyo maana pahitajika mlezi anayetazama, ua usio na misumari wala chupa zilizovunjika, na lango linalofungwa. Lakini kumkataza mtoto kukimbia ili asianguke ni kumnyima nafasi ya kujifunza kuanguka na kuinuka.

Wa tatu alikuwa mwenye kituo, na pingamizi lake ndilo zito kuliko yote: hana nafasi wala fedha. Kodi ya nyumba mjini ni kubwa, walezi ni wachache, na watoto wengine hufika bila kupata kifungua kinywa. Mtoto mwenye njaa hawezi kukimbizwa uani. Hapa namkubalia kwamba uji hutangulia mpira. Hata hivyo, mchezo wa watoto wadogo hauhitaji vifaa vya dukani. Mpira hufumwa kwa majani makavu ya mgomba, kama babu zetu walivyofanya. Gurudumu kuukuu huwa daraja la kupanda. Kamba iliyolazwa sakafuni huwa mto wa kurukwa. Chumba chenyewe, mikeka ikikunjwa na runinga ikizimwa, huwa uwanja wa dakika 20 hata siku ya mvua.

Nisieleweke vibaya. Sitaki watoto wa miaka minne wapangwe katika timu, wapewe makocha na vikombe. Wakati wa ushindani utafika. Umri huu unataka mwili uufurahie mwendo wake wenyewe. Na mtoto mwenye ulemavu asiachwe ukutani akitazama wenzake. Mpira unaweza kuviringishwa kwa walioketi, na wimbo wa kupiga makofi huwaingiza wote.

Lipo pia somo la uraia lenyewe. Mnaijua kwepena: wawili wanarusha mpira, wa katikati anakwepa. Tazameni neno hilo linavyofanana na kitenzi chetu kwepa. Tanzania wasichana huucheza mchezo wa namna hiyo wakiuita rede, na Kenya huitwa kati. Mtoto anayekua akicheza hivyo hujifunza kungoja zamu, kukubali kwamba amepigwa hata kama hakuna aliyeona, na kutoka nje bila kuupasua mpira kwa hasira. Watu wazima wangapi wanaogombea vyeo wangefaidika na somo hilo?

Basi wewe, mwanafunzi, ufanye nini? Wengi wenu mna wadogo zenu katika vituo hivi, na baadhi yenu mtaajiriwa humo mara tu mtakapomaliza shule. Likizo ijayo, nenda umchukue mdogo wako mapema siku moja. Uliza kwa adabu: “Shikamoo mama, watoto hutoka nje saa ngapi? Runinga huwashwa kwa muda gani?” Mpelekee mzazi wako majibu. Kisha jitolee saa moja kwa wiki kuwachezesha watoto wa mtaa, ukihesabu moja mpaka kumi kwa Kiswahili kila wanaporuka. Utawasaidia, nawe utajifunza.

Kwetu, tulikutana wazazi sita, tukazungumza na mwenye kituo bila ugomvi. Alikubali magari yaegeshwe nje ya lango kila siku saa tatu hadi saa nne asubuhi, na tena alasiri. Saa 2 hazijatosha, na runinga bado ipo. Lakini nikipita pale asubuhi sasa nasikia kelele kutoka barabarani.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kituo cha malezi ni mkono mmojawapo, na sisi tunaokilipa tuna wajibu wa kukiuliza maswali. Ukikuta watoto ishirini wamekaa kimya mchana kutwa, usiwasifu kwa utulivu wao. Uliza wamezuiwa nini. Katika jambo hili, mpendwa msomaji, tusifanye mchezo na mchezo.