Mjukuu Asifanywe Mgeni kwa Bibi Yake

Tangu Daraja la Umoja lilipofunguliwa Mtambaswala mwaka 2010, mto Ruvuma si kizuizi tena kwa familia za Kimakonde za Temeke zenye wazee Msumbiji. Kikwazo ni usalama, kwani Cabo Delgado imekumbwa na mashambulizi tangu 2017. Na hata kunapokuwa shwari, kipo kikwazo cha lugha.

Mtoto wa Mbagala hufika Mueda akijua Kiswahili tu. Binamu zake husoma kwa Kireno, na bibi husimulia kwa Kimakonde. Wenzake wakicheka, naye hucheka, asijue kilichochekesha. Huitwa “Mtanzania”, na jina analojivunia nyumbani huko humtenga.

Mtoto hana kosa. Wakimbizi waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi, vilivyoanza mwaka 1964, walijifunza Kiswahili, wakawa ndugu wa wenyeji wao. Hilo lilikuwa jema, wala halikuwalazimu kukitupa Kimakonde. Baba azungumzaye Kimakonde na kaka yake barazani, kisha akamgeukia mwanawe kwa Kiswahili, ndiye amtengaye mtoto huyo na bibi yake. Na mwalimu amchekaye mwanafunzi kwa lafudhi ya kwao humsaidia baba huyo. Maamkizi na majina ya ukoo yangeweza kufundishwa jioni chache tu kabla ya likizo.